Basenji, Mbwa Mkimya Asiyetulia

Katika msitu wa Ituri, kaskazini-mashariki mwa Kongo, wawindaji wa Kiefe humfunga mbwa kengele ya mti shingoni kabla ya kumwachia aingie kichakani. Kengele hiyo si pambo. Mbwa wao hawabweki, na ndani ya msitu mnene namna ile mwenye upinde asiposikia kengele hajui mbwa amefika wapi wala mnyama atachomoka upande gani. Mbwa hutangulia, hunusa, huzunguka, huamua mwenyewe apite wapi. Mwindaji humfuata kwa sikio.

Mbwa huyo ndiye ambaye wafugaji wa dunia nzima wanamwita basenji. Siku hizi analala kwenye makochi ya London na Chicago, na picha zake zinazunguka kwenye simu zetu pia. Ni mbwa mdogo: dume hufikia kama sentimita 43 begani na uzito wa kilo 11 hivi, jike hupungua kidogo. Masikio wima, paji lenye makunyanzi, manyoya mafupi, mkia uliojikunja juu ya kiuno. Wanaomtafuta huvutwa na umbo hilo, kisha wakisikia kwamba habweki wanaamua palepale: huyu ndiye wa kuishi na watoto kwenye fleti, hatagombana na majirani. Wanachukulia kwamba mbwa mkimya ni mbwa mtulivu. Hapo ndipo nyumba nyingi zinapojikwaa, maana basenji ni miongoni mwa mbwa wenye pilika nyingi kuliko wote wanaofugwa ndani.

Kumtoa Afrika hakukuwa rahisi. Mwaka 1895 wawili walionyeshwa Uingereza, kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts, wakafa muda si mrefu kwa distempa, ugonjwa wa virusi ambao miili yao haikuwa na kinga nao. Mwaka 1923 Lady Helen Nutting alisafiri na wengine sita kutoka Sudan. Nao wakafa, safari hii baada ya kuchanjwa dhidi ya ugonjwa uleule. Aliyefanikiwa ni Olivia Burn, ambaye mbwa wake aliowatoa Kongo walionyeshwa Crufts mwaka 1937 na kufurikiwa na watu waliotaka kumwona mbwa asiyebweka. Baada yake Veronica Tudor-Williams alitoa sehemu kubwa ya maisha yake kwa aina hii, na mwaka 1959 akaenda mpaka kusini mwa Sudan, akarudi na jike mdogo mwekundu aliyeitwa Fula. Damu ya Fula imo katika basenji wengi mno walio hai leo.

Wauzaji hupenda kuongeza kwamba basenji ndiye mbwa wa mafarao. Ni kweli makaburi ya Misri ya kale yana michoro ya mbwa wenye masikio wima na mkia uliojikunja. Lakini mchoro unaonyesha umbo, hauonyeshi ukoo, na mimi nisingelipia hata senti moja zaidi kwa ajili ya farao. Kuna ushahidi wa vinasaba wa kuaminika zaidi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2004 katika jarida la Science, ulioangalia aina 85 za mbwa, ulimweka basenji katika kundi dogo la zile zilizo karibu zaidi na mbwa mwitu kwa nasaba. Hata mwili wake unakumbuka hivyo: majike wengi wa mbwa huingia kwenye joto mara mbili kwa mwaka, jike wa basenji mara moja tu, kama mbwa mwitu.

Sasa tuje nyumbani, kwenye kuishi naye.

Kwanza, kusema habweki si kusema hana sauti. Anaweza kubweka mara moja moja akishtuka. Sauti yake ya furaha hupanda na kushuka kama mtu anayejaribu kughani, na watoto huipenda sana. Akifungiwa peke yake au akizuiwa jambo analolitaka anaweza kutoa yowe la kumtoa jirani mlangoni. Mwenye fleti aliyemnunua kwa ajili ya amani ya ukuta wa pamoja ayajue hayo mapema.

Pili, ni mbwa wa mbio za ghafla. Bila ishara yoyote hukunja mgongo, hufyata mkia na kuizunguka sebule kwa kasi, juu ya kochi, chini ya meza, tena na tena, kisha husimama kana kwamba hakuna lililotokea. Hilo si wazimu. Ni nguvu iliyokosa njia. Anahitaji kutembezwa na kukimbizwa kila siku, walau saa nzima, mvua ikinyesha au isiponyesha, ingawa yeye mwenyewe mvua haipendi na husita mlangoni akiona ardhi imelowa. Akikosa, atajitafutia kazi. Viatu, mito ya kochi, rimoti, waya wa chaja, kitabu cha shule: vyote vitapita menoni. Wenye nyumba husema ana hasira au analipiza kisasi. Sidhani. Ukimtazama basenji aliyeachwa peke yake tangu asubuhi, unaona kiumbe mwenye akili ya kutatua mambo ambaye hakuachiwa jambo lolote la kutatua.

Na akili anayo. Mwaka 1994 mwanasaikolojia Stanley Coren alitoa kitabu kinachopanga aina za mbwa kwa akili, na basenji akawa wa pili kutoka mkiani, akimshinda mbwa wa Kiafghani peke yake. Orodha hiyo imemharibia jina kwa miaka mingi, nami naona imemwonea. Ilitokana na maoni ya waamuzi wa mashindano ya utii, yaani ilipima mbwa anaitikia amri upesi kiasi gani. Mbwa wa kuchunga kondoo alizalishwa kizazi baada ya kizazi amtazame binadamu na kungoja ishara. Basenji alizalishwa atangulie mahali ambapo binadamu hamwoni. Kule Ituri, mbwa aliyegeuka kila mara kuuliza afanye nini angerudi bila nyama. Anapokusikia ukimwita, akakutazama, kisha akaendelea na shughuli yake, amekuelewa vizuri kabisa. Hajaona sababu.

Kwa hiyo kumfundisha kunawezekana, ila kwa njia yake. Mafunzo ya dakika chache, mara kadhaa kwa siku, yenye kipande cha nyama mkononi, yanafika mbali. Kumrudiarudia amri ileile kunamchosha, na kumpiga kunaharibu kila kitu: haogopi, anakunyima imani tu, na mbwa wa namna hii akishaacha kukuamini humrudishi kwa urahisi. Jambo moja halifundishiki kwa uhakika, nalo ni kurudi anapomfukuza mnyama. Paka, panya, ndege, hata mfuko wa plastiki unaopeperushwa na upepo, akishauona na kuanza kukimbia masikio yamefunga. Ndiyo maana wanaomjua hawamfungui kamba karibu na barabara. Magari yamewaua basenji wengi. Uzio wa wavu nao haumzuii, maana hupanda kwa makucha kama ngazi. Ukuta laini na mrefu ndio unaomfaa.

Watoto je? Hapa nitamtetea, lakini kwa masharti. Basenji anaipenda familia yake kwa dhati. Hujilaza kwenye mapaja, hufuata watu chumba kwa chumba, hujilamba mwili mzima hadi hana harufu inayowasumbua wengi kwa mbwa wengine. Mtoto wa miaka tisa au kumi mwenye kupenda kukimbia, kuficha vitu na kuvumbua michezo atampata rafiki asiyechoka. Mtoto anayetambaa au aliyeanza kusimama ni habari nyingine. Yeye hushika mkia, huvuta sikio, huingiza mkono kwenye bakuli la chakula, na basenji si mbwa wa kuvumilia kila kitu. Ataondoka kwanza. Akikosa pa kuondokea atanguruma, na ngurumo ikipuuzwa meno yatafuata. Mwenye mtoto wa umri huo na nia ya basenji, namshauri asubiri miaka michache. Na hakuna aina ya mbwa, hata ile inayosifiwa kwa upole, inayoachwa na mtoto mchanga bila mtu mzima chumbani.

Kwetu Afrika Mashariki suala lina sura nyingine tena. Mbwa hufugwa kwanza kwa ajili ya usiku: mchana yumo bandani, giza likiingia anafunguliwa alinde ua. Kwa maisha hayo basenji ni chaguo baya kabisa. Mgeni akiingia getini hatabweka, pengine atamtazama tu kwa mbali, maana kwa asili yake hajichanganyi na wasiomhusu. Kumfungia kutwa nzima bandani ni kumtesa. Kuku wanaochakura uani nao hawatadumu. Atawawinda mmoja mmoja, tena kwa ustadi, wala usimlaumu. Katika nyumba nyingi za Waislamu wa mwambao mbwa haingii ndani, nalo ni jambo la tohara na ibada lisilo na ubishi. Nyumba hiyo inamhitaji mbwa anayeridhika kukaa nje, na basenji hataki kukaa mbali na watu.

Afya yake ina doa moja kubwa. Ugonjwa wa Fanconi hushambulia figo, zikaacha sukari na virutubisho vingine vipotee kwenye mkojo. Mara nyingi huanza kati ya miaka minne na minane: mbwa anakunywa maji bila kukoma, anakojoa ovyo, anakonda huku anakula. Zamani mfugaji aliweza kuzalisha kwa miaka mingi kabla ya kujua kwamba mbwa wake wanaurithisha. Tangu mwaka 2011 kuna kipimo cha vinasaba kinachoonyesha nani ameubeba, kwa hiyo mfugaji asiye na majibu ya kipimo cha baba na mama hastahili fedha ya mtu. Chanzo kimojawapo cha shida hii ni kwamba basenji wa Ulaya na Marekani walitokana na mbwa wachache mno. Ndiyo sababu wafugaji wa Marekani walirudi Kongo, wakati huo ikiitwa Zaire, mwishoni mwa miaka ya 1980 kutafuta damu mpya, na mwaka 1990 daftari la uzazi la kule likafunguliwa ili mbwa hao waingizwe. Pamoja nao ilikuja rangi ya mistari kama ya chui milia.

Hilo la damu linanileta kwenye jambo ambalo ningependa wasomaji wanaotaka kumwagiza basenji kwa ndege walipime. Mwaka 2009 watafiti wakiongozwa na Adam Boyko walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya mamia ya mbwa wa vijijini barani Afrika, wakiwemo wa Uganda. Baadhi ya aina zinazosifiwa kuwa za Kiafrika, kama Rhodesian Ridgeback, zilionekana kuwa na asili kubwa ya nje ya bara. Basenji alikaa pamoja na mbwa wa asili wa Afrika. Yaani yule mbwa mwembamba wa rangi ya udongo, masikio juu, mkia umejikunja, anayepita kando ya soko huku tukimwita mbwa koko, yuko karibu na basenji kinasaba kuliko mbwa wengi wenye vyeti wanaouzwa mijini.

Simwiti basenji, maana hana daftari la ukoo, na tofauti yao ipo: wa kwetu anabweka. Lakini tabia niliyoieleza hapa, ya kujiamulia, kutotulia, kuchunguza na kuwachagua watu wake, mwenye kumfuga mbwa wa kienyeji anaijua. Mtu wa Mwanza au Kampala mwenye watoto waliokwisha kuanza shule, ua wenye ukuta, na saa moja ya kutembea kila jioni, anaweza kuchukua mtoto wa mbwa wa kienyeji wa wiki nane au tisa kwa jirani. Amwite daktari wa mifugo kwa dawa ya minyoo, aanze chanjo, na ile ya kichaa cha mbwa aipate afikapo miezi mitatu. Amwache alale karibu na watu. Ampe jina, na asimfunge mnyororo.

Anayemtaka basenji mwenyewe, kwa kuwa amempenda basenji na si mwingine, namwelewa. Aende kwanza akakae nusu siku kwenye nyumba yenye basenji mzima wa miaka mitatu, si yenye vitoto vya kupendeza tu, tena aende na watoto wake. Amwombe mwenyeji afungue kabati la viatu na kumwonyesha yaliyobaki.