Furaha ya Kumlea Mtoto Asiye Wako, Ukiwa Ugenini



Mwezi huu wazee wa jarida walituomba sisi walimu wa kujitolea tuandike juu ya kazi yetu ya Jumamosi pamoja na watoto wasio na wazazi. Tulicheka kidogo. Tulisema, tutaandika nini? Kuchota maji, kufua nguo, kusoma vitabu vilivyokatika karatasi, kucheza mpira wa mifuko! Lakini tulipokaa chini tuliona kuna mambo ya kusema. Mengine yanafurahisha, na mengine yanatutia haya.

TULIANZA VIBAYA

Tulianza mwaka 2019, tukiwa vijana tisa. Wengine tuliimba katika kwaya, wengine ni vijana wa msikiti, na wote tulikuwa tumemaliza sekondari ama tunakaribia kumaliza. Warundi na Wakongo pamoja, na lugha yetu ya kuelewana ilikuwa hii hii Kiswahili. Kila mmoja alikuwa amesikia mahubiri juu ya yatima. Tukasema, hatuna pesa, lakini tuko na mikono na tuko na Jumamosi.

Siku ya kwanza tulipita nyumba kwa nyumba tukitangaza: "Yatima wote waje chini ya mti, kuna bonboni!" Walikuja. Tuliwapanga mustari mumoja, tukaimba, tukaomba, tukagawa bonboni. Watoto wengine wakasimama pembeni wakiangalia.

Kijana mmoja, labda wa miaka saba, alikataa bonboni yake. Tukamuuliza kwa nini. Akasema, "Mimi si yatima. Mimi niko mutoto wa nyumba ya mwisho, pale kwa mama muuza nyanya." Akarudia tena kwa nguvu, wenzake wote wasikie, kisha akaenda zake.

Usiku ule hatukulala vizuri. Kumbe yule mama alikuwa amefanya kazi miaka minne ili yule mtoto asahau neno hilo, na sisi kwa dakika kumi tu tulikuwa tumemvika tena, mbele ya watu. Jumamosi iliyofuata tulienda kumuomba yule mama msamaha. Hakukasirika. Alisema tu, "Walimu, mukitaka kumusaidia huyu, munisaidie mimi. Muchote maji, mimi nipate nafasi ya kukaa naye."

Tangu siku ile tuliacha kuwaita watoto chini ya mti. Tunaenda nyumbani kwao. Yule mama kwa neno moja alitufundisha kazi yote.

DINI ZETU ZINASEMA NINI

Sisi wa kanisani na wa msikitini tulianza kuulizana: kwenu imeandikwaje? Tukaona tunafanana kuliko tulivyofikiri.

Wakristo munamkumbuka Esta. Wengi tunamkumbuka kwa sababu alikuwa malkia, tunasahau kwamba alikuwa yatima. Baba na mama yake walikufa, naye alikuwa katika watu waliopelekwa mbali na nchi yao, huko Uajemi. Aliyemlea ni Mordekai, jamaa yake, naye pia mgeni kama yeye. Mordekai hakuwa na ufalme wa kumpa. Alimpa nyumba, na kila siku alikuwa akipita kuuliza hali yake.

Waislamu munajua habari ya Mtume Muhammad. Baba yake alikufa kabla yeye hajazaliwa. Mama yake, Amina, akafa mtoto akiwa na umri wa miaka kama sita. Babu yake Abdul-Muttalib akamchukua, naye akafa baada ya muda mfupi, ndipo ami yake Abu Talib akamlea. Sasa hesabuni wenyewe ni mikono mingapi ilimpokea mtoto mmoja! Kila mmoja alipofika mwisho wake, mwingine alisimama.

Habari zote mbili hazisemi juu ya jumba kubwa la yatima, zinasema juu ya mtu aliyefungua mlango wa nyumba yake.

MAMA WA RUYIGI

Kuna mama mmoja ambaye Warundi wengi wanamjua, na hata wasiomjua wanalijua jina la Maison Shalom, ndiyo kusema Nyumba ya Amani. Ni Marguerite Barankitse wa Ruyigi. Alikuwa mwalimu kama sisi, kisha akafanya kazi kwa askofu.

Rais Melchior Ndadaye aliuawa mwezi wa Oktoba 1993, na nchi ikawaka moto. Tarehe 24 Oktoba, pale pale kwa askofu Ruyigi, watu 72 waliokuwa wamekimbilia hapo waliuawa, naye akalazimishwa kuangalia. Alipofunguliwa alibaki na watoto 25 wa kuokoa. Hakuuliza huyu ni wa kabila gani. Kutoka kwa wale 25 walifika maelfu. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya Nansen ya Umoja wa Mataifa, inayotolewa kwa wanaowasaidia wakimbizi.

Lakini kinachotugusa sisi ni jambo lingine. Mwaka 2015 yeye mwenyewe alikimbia, akawa mkimbizi hapa Rwanda kama sisi. Angeweza kusema, sasa ni zamu yangu ya kusaidiwa. Hakusema hivyo. Alianza tena, kwa ajili ya vijana na watoto wakimbizi, hata wa kambi yetu. Mwaka 2016 akapewa tuzo ya Aurora.

Wengine wanafikiri kujitolea ni kazi ya mtu aliyeshiba, anayekuja na gari na kurudi kwao. Yule mama anatuonyesha kwamba hata mtu aliyepoteza nyumba anaweza kuwa nyumba ya mwingine.

KWA NINI NYUMBA, SI JUMBA

Kuna wakati mgeni mmoja mwenye moyo mzuri alituuliza, kwa nini hatutafuti mfadhili tujenge kituo kimoja, watoto wote wakae pamoja, wale vizuri, walale vizuri? Wengine kati yetu tulifurahia sana. Tulishaanza hata kuchagua rangi ya mlango!

Mzee mmoja wa kanisa alituzuia. Alisema, "Muulize wenye nchi." Tukauliza. Wanyarwanda wanajua jambo hili kwa maumivu. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, nchi ilijaa watoto wasio na mtu, na vituo vya yatima vikafunguliwa vingi. Vilihitajika, maana wakati ule nyumba zenyewe hazikuwepo. Lakini miaka ikapita. Mwaka 2012 walihesabu watoto na vijana zaidi ya 3,000 katika vituo 33, na wengi walikuwa na jamaa hai mahali fulani. Serikali ikaamua kuwarudisha polepole katika familia. Wazazi wanaopokea watoto wasio wao wanaitwa hapa Malayika Murinzi, yaani malaika mlinzi.

Umoja wa Mataifa nao, mwaka 2009, ulitoa mwongozo juu ya watoto wasio na malezi ya wazazi. Unasema kwanza mtoto atafutiwe familia, ndugu wa tumbo moja wasitenganishwe, na umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtoa mtoto kwao.

Sababu yake munaijua ninyi wazazi kuliko sisi. Katika kituo mlezi anafika asubuhi na jioni anabadilishwa na mwingine. Mtoto mdogo anajifunza kutozoea mtu. Nyumbani, hata kama bugali ni kidogo, kuna mtu anayejua kwamba huyu anaogopa giza na yule hapendi maharage.

KOKO NA MJUKUU ASIYE WAKE

Sasa tuwape habari moja. Wenyewe wametukubalia tuiandike, lakini majina hatutayataja.

Mwaka 2015 koko mmoja alifika kambini na msichana wa miaka mitano mgongoni. Mama wa yule msichana alikuwa amekufa zamani, na baba alipotea wakati wa kukimbia. Koko hakuwa jamaa yake, alikuwa jirani tu. Alimchukua kwa sababu, usiku ule, yule mtoto alikuwa amesimama njiani peke yake.

Alipoanza kuja kwetu Jumamosi alijua kusoma kushinda wote. Tulimpenda, na tuseme ukweli, tulimpenda sana kuliko wengine. Hilo ni kosa la walimu wengi.

Mwezi wa Agosti 2020 misafara ya kurudi Burundi kwa hiari ilianza hapa kwetu. Koko akaandikisha jina lake. Alitaka kufia kwenye kilima chake, na hakuna wa kumlaumu. Msichana alikataa kurudi. Usiku alikuwa akiamka akilia. Na wakati ule ule ikaja barua ya Msalaba Mwekundu: shangazi yake, dada wa baba, alikuwa hai katika kambi ya Tanzania, na alikuwa akimtafuta miaka yote ile.

Tungefurahi, si ndiyo? Tuliogopa. Tuliona kwamba akienda kwa shangazi tumempoteza, na akienda na koko tumempoteza. Mmoja wetu alisema waziwazi, "Abaki hapa, sisi tutamlea." Sisi! Vijana wa miaka ishirini, wanaolala watatu katika chumba kimoja! Ndipo tulipoona kwamba pendo letu lilikuwa limeanza kutafuta faida yake lenyewe.

Watu wanaoshughulikia ulinzi wa watoto walikuja, wakakaa na msichana, wakamuuliza polepole, siku zaidi ya moja. Akapewa simu azungumze na shangazi. Shangazi alimuita kwa jina la utoto ambalo hakuna mtu kambini alilijua. Msichana alinyamaza, kisha akacheka huku machozi yanatoka. Lakini alipoulizwa anataka kukaa na nani, alisema, "Koko. Yeye ndiye anajua nikiota vibaya nashikwa wapi."

Kesho yake asubuhi koko alienda mwenyewe akafuta jina lake katika orodha ya kurudi. Tulimkuta akipepeta maharage kama hakuna kilichotokea. Tukamuuliza, "Koko, na kilima chako?" Akajibu, "Kilima hakikimbii. Sikumubeba huyu mutoto ngambo hii ili nimuache."

Leo koko bado yuko nasi, magoti yanamsumbua. Msichana yuko sekondari. Shangazi anamwandikia, na mtoto aliyekuwa hana mtu sasa ana nyumba mbili zinazomtaja katika sala. Jumamosi yeye ndiye anayewasomea wadogo, sisi tunachota maji.

FURAHA YENYEWE IKO WAPI

Watu wanatuuliza tunapata nini. Pesa hatupati. Shukrani wakati mwingine tunapata, wakati mwingine tunatukanwa. Malaria tulipata wote!

Furaha ipo, lakini haiji siku unayoingoja. Inakuja mtoto aliyekuwa haongei anapokukaripia kwa sababu umesoma hadithi ukaruka ukurasa. Inakuja unaporudi nyumbani umechoka na huna cha kula, unaona kwamba siku nzima hukukumbuka matatizo yako. Sisi wenyewe tulipoteza watu na masomo. Ugenini mtu anazoea kunyoosha mkono kupokea, mpaka anasahau kwamba mkono huo huo unaweza kutoa. Watoto hawa walitukumbusha.

MASHAURI KIDOGO KWA FAMILIA

Kama nyumbani kwenu kuna mtoto aliyekuja bila wazazi, ama munataka kusaidia nyumba ya namna hiyo, tunawaomba mukumbuke haya:

1. Mtoto aandikishwe kwa jina lake la kweli na la wazazi wake. Musimfiche, musimbadilishe jina ili kuongeza mgao. Jina ndilo jamaa zake watakalomtafuta nalo.

2. Barua za Msalaba Mwekundu ni za bure. Andikeni habari za familia tu, wala musikate tamaa jibu likichelewa.

3. Musimwite mtoto "yatima" mbele ya wenzake. Yeye ni mtoto wa nyumba yenu.

4. Kazi za nyumbani zigawanywe sawa. Mgeni asiwe mchota maji wakati wa kwenu wanaenda shule.

5. Vijana wenzetu, musiahidi musichoweza. Ukisema utarudi Jumamosi, rudi. Watoto hawa wameshaachwa vya kutosha.

6. Musikae na mtoto wa mtu peke yenu mahali pa kujificha. Tembeleeni wawili wawili, mlango wazi. Mukiona mtoto anateswa, semeni kwa wanaohusika, hata kama mtesaji ni rafiki.

Basi, wapendwa, karatasi imeisha. Jumamosi ijayo tutaanzia nyumba za chini, karibu na bomba. Anayetaka kutusaidia aje na bidoni moja. Bonboni hatuhitaji tena.

Mungu abariki kila nyumba iliyosogeza mkeka ili mmoja zaidi apate pa kulala. Tuko pamoja.

Ni sisi, walimu wenu wa kujitolea.