Mibuni ya Mapambo na Mizeituni ya Puglia

Mwaka 2013, huko Puglia kusini mwa Italia, ilibainika kwamba mizeituni iliyokuwa ikikauka kuanzia ncha za matawi ilikuwa na bakteria aitwaye Xylella fastidiosa. Aina yake ililingana na iliyopatikana Costa Rica, na watafiti wanaona kuwa huenda aliingia Italia akiwa ndani ya miche ya mibuni iliyouzwa Ulaya kama mapambo ya nyumbani. Mamilioni ya mizeituni yamekwisha kufa, mingine ikiwa imeishi karne kadhaa.

Bakteria huyu hukaa kwenye mirija inayopandisha maji kutoka mizizini. Mche unaweza kumbeba kwa miezi mingi huku majani yakimeremeta, na ofisa wa bandarini, hata awe hodari vipi, hatamwona kwa macho. Kwa hiyo kinga ya kweli huanza shambani mche unakokuzwa.

Hapo ndipo utaratibu wa kibali cha kuingiza mimea nchini unapoeleweka. Nchini Kenya, mwagizaji huomba kibali kwa KEPHIS, shirika la serikali linalosimamia afya ya mimea, kabla mzigo haujaondoka ulikotoka. Nchini Tanzania kazi hiyo ni ya mamlaka ya afya ya mimea, TPHPA. Kibali hutaja masharti: magonjwa na wadudu ambao mche usiwe nao, na vipimo vinavyotakiwa. Wakaguzi wa nchi inayouza huyafuata masharti hayo, kisha hutoa cheti cha afya ya mimea. Anayenunua kwanza na kutafuta kibali baadaye hupata cheti kilichoandikwa bila kujua masharti ya nchi yake, na mzigo unaweza kurudishwa au kuteketezwa.

Sharti moja linalolalamikiwa ni la mche kutokuwa na udongo. Mizizi huoshwa ikawa mitupu, na baadhi ya miche hufa safarini. Hasara hiyo inauma, lakini naliunga mkono sharti lenyewe: udongo kidogo tu huficha minyoo fundo, mayai ya wadudu na vimelea vya kuvu, na hakuna anayeweza kuukagua wote.

Wakati mwingine hatari ni mmea wenyewe. Gugu maji lilitoka Amerika Kusini, likasambazwa duniani kwa uzuri wa maua yake ya zambarau. Kufikia miaka ya 1990 lilikuwa limetanda Ziwa Victoria, likiziba mialo na kunasa mitumbwi. Ikabidi waletwe mbawakavu wa Neochetina, wanaolila huko kwao. Walilipunguza sana. Halijaisha hadi leo.