Waliotuchekesha Wamezikwa, Kazi Zao Zingali Zauzwa

Alipofariki dunia Amri Athumani, Mzee Majuto, tarehe 8 Agosti, 2018, katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, msiba haukuwa wa Tanga peke yake. Uliingia majumbani mwetu Unguja na Pemba, ukafika hadi Tunduma mkoani Songwe, mji wa mwisho wa nchi yetu kabla ya Zambia. Miaka sita kabla yake, tarehe 7 Aprili, 2012, alitutoka Steven Kanumba akiwa na umri wa miaka 28 tu, na Makamu wa Rais wa wakati ule, Dk. Mohamed Gharib Bilal, alikuwa miongoni mwa waombolezaji.

Wapo wanaouliza: twamliliaje mtu ambaye hatukupata hata kushikana naye mkono? Swali hilo huulizwa na waliosahau utoto wao. Sisi wa Visiwani tulipata televisheni mapema, tangu mwaka 1973, wakati Bara ilingoja hadi 1994. Lakini mashujaa wetu wa kwanza walitoka mbali, Bombay na Hong Kong. Bruce Lee tulimshangilia akiwa amekwisha kufa, maana alifariki Julai 1973, na wengi wetu hatukujua. Kwetu hakufa kamwe.

Majuto alikuwa mwingine. Huyu alisema lugha yetu, akavaa kama babu zetu, akagombana na jirani kama tunavyogombana. Huko Tunduma, ambako Kinyamwanga husemwa pande zote mbili za mpaka na Kibemba husikika kutoka Nakonde, kijana na mama yake huweza kumcheka mzee huyo huyo anayechekwa Makunduchi. Kazi hiyo ya kuwaunganisha wananchi aliifanya bila ya kupewa cheo. Akifa mtu wa namna hiyo, kipande cha utoto wetu huenda naye, pamoja na wazee wetu waliokaa nasi kumtazama.

Ila machozi hayalishi yatima. Majuto alipokuwa mgonjwa ndipo habari za mikataba ya wasanii zilipozungumzwa hadharani, na Wizara ikaunda kamati ya kuipitia. Sheria tunazo: Bara ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 na COSOTA, nasi Zanzibar tuna yetu ya mwaka 2003 na COSOZA. Kwa sheria ya Bara, haki ya mtunzi hudumu miaka 50 baada ya kufa kwake. Lakini msanii aliyekwisha kuuza kazi yake kwa mkupuo, warithi wake watadai nini?

Pale Tunduma kituo cha pamoja cha forodha kilifunguliwa mwaka 2019. Malori hupekuliwa, mahindi hupimwa. Filamu haihitaji lori. Zamani ilivuka katika mfuko wa koti, na leo huvuka ndani ya simu. Hatuwalaumu ndugu zetu wa forodha kwa jambo hilo, kwani halianzii mpakani. Huanzia mezani, pale msanii anapotiliwa karatasi mbele yake atie sahihi.

Twaziomba basi COSOTA na COSOZA zikae pamoja, ziwatangazie wananchi ni warithi wangapi wa wasanii marehemu wanaolipwa hivi sasa, na kiasi gani.