Mwandishi wa Maelekezo ya Kompyuta: Ajue Nini, Awe Amefanya Kazi Gani?



Siku hizi vikundi vingi vya Likoni, Kisauni na Changamwe vimeanza kutoa hesabu zao kwenye daftari na kuzitia kwenye kompyuta. Ni jambo jema. Lakini kuna shida moja ambayo huja polepole. Yule kijana aliyezipanga hesabu akipata kazi Nairobi au Doha, anaondoka na ujuzi wote kichwani mwake. Mama mweka hazina anabaki na mashine asiyojua neno lake la siri, na mwezi wa kugawana akiba ndio huo unakaribia. Hapo zimekosekana karatasi tatu nne tu, zilizoandikwa vizuri: washa hapa, fungua faili hili, ukiona hivi fanya vile.

Yuko mtu ambaye kazi yake ni kuandika karatasi kama hizo. Makampuni makubwa humwajiri kwa kazi hiyo peke yake. Si lazima awe ndiye aliyetengeneza programu. Yeye hukaa katikati ya fundi na mtumiaji: humuuliza fundi, hujaribu kwa mkono wake mwenyewe, kisha huandika kwa lugha ambayo mtu wa kawaida ataifuata.

Kazi hii si ngeni kwetu Mombasa. Mwaka wa 2005 Mamlaka ya Ushuru ilileta mtambo wa Simba kwa mambo ya forodha, na mwaka wa 2008 bandari ya Kilindini ikaanza kutumia KWATOS kufuatilia makontena. Makarani waliozoea fomu na mihuri ilibidi wajifunze upya. Mabadiliko ya namna hiyo hayaendi bila mtu wa kueleza skrini moja baada ya nyingine.

Tena angalieni M-PESA, iliyoanza mwaka wa 2007. Ujumbe mmoja wa simu una nafasi ya herufi 160 tu, na hata nafasi tupu kati ya maneno huhesabiwa. Humo iingie ni pesa ngapi, kwa nani, saa ngapi, na salio. Anayepanga maneno hayo anafanya kazi hiyo hiyo tunayoisema, na akikosea neno moja, mzee fulani huko Mtongwe atadhani pesa yake imepotea.

Majirani zetu wa Tanzania walifanya kubwa zaidi. Mwaka wa 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya bure ya kuandika barua na kupiga hesabu, yote kwa Kiswahili. Kazi ngumu ilikuwa kuchagua maneno. “Kabrasha” ni neno zuri sana, lakini mwambie mtu wa Mtopanga “fungua kabrasha” uone atakavyokutazama! Huku watu husema folda. Mwandishi mwenye akili huandika yote mawili mara ya kwanza, halafu hushika moja mpaka mwisho. Akisema folda ukurasa wa kwanza na kabrasha ukurasa wa tatu, msomaji atafikiri ni vitu viwili.

Sasa tuje kwenye cheti. Vijana wetu wengi wamesoma zile “pakeji”: Windows, Word, Excel, Access, intaneti na barua pepe. Cheti kinaonyesha amekaa darasani, basi. Muulizeni anaweza kufanya nini. Kwa Word, je, anajua kuifanya kompyuta ipange vichwa vya habari na kutoa orodha ya yaliyomo yenyewe, au anazipiga nambari za kurasa kwa mkono? Kwa Excel, je, anaweza kuandika kanuni ya kujumlisha na kumweleza mtu mwingine inavyofanya kazi? Ajue kupiga picha ya skrini na kuikata, kutoa waraka kwa PDF, na kuweka nakala ya pili mahali pengine mashine isije ikafa nayo.

Kuhusu kazi alizofanya, nitasema wazi maoni yangu. Msikimbilie mwenye jina la kampuni kubwa. Mtu aliyekaa saiba miaka miwili akiwasaidia watu kujaza fomu za eCitizen na za ushuru anajua hasa ni wapi mtu hukwama. Aliyewahi kufundisha pia ni wa thamani. Fundi hodari wa programu mara nyingi huruka hatua, kwa sababu kwake ni rahisi mno.

Kabla ya kulipa, mjaribuni. Mwambieni aandike jinsi ya kuingiza mchango wa mwanachama mmoja. Kisha mpeni karatasi hiyo mama ambaye hajawahi kugusa kompyuta, na mwandishi akae pembeni kimya, asionyeshe hata kwa kidole. Mama akikwama, kosa ni la karatasi, irudi ikaandikwe upya. Ni vizuri mkubaliane tangu mwanzo: nusu ya malipo mbele, nusu nyingine jaribio likipita.

Jambo moja lisisahauliwe. Tangu mwaka wa 2019 Kenya ina sheria ya kulinda habari za watu. Picha za skrini ndani ya maelekezo zisionyeshe nambari ya kitambulisho wala ya simu ya mwanachama wa kweli. Atumie majina ya kubuni. Neno la siri nalo lisiandikwe kwenye karatasi hizo. Litiwe katika bahasha iliyofungwa, ikae kwa mwenyekiti, na mweka hazina ajue iko wapi.

Juu ya ukurasa wa kwanza iandikwe tarehe. Programu ikibadilishwa, maelekezo nayo yabadilishwe, na yale ya zamani yachanwe siku hiyo hiyo, isije ikawa mezani kuna karatasi mbili zinazobishana.