Urejeshaji wa pikipiki za zamani

Urejeshaji wa pikipiki za zamani ni kazi ya kuirudisha pikipiki iliyochakaa, iliyoharibika au iliyobadilishwa katika hali iliyokuwa nayo ilipotoka kiwandani, au katika hali nyingine inayojulikana ya historia yake. Kazi hii ni tofauti na matengenezo ya kawaida. Katika matengenezo ya kawaida inatosha chombo kitembee salama. Katika urejeshaji kinatakiwa kitembee kikiwa na vipuri, rangi na hata boliti za aina iliyotumika kilipoundwa. Vipuri vya namna hiyo huitwa vipuri vya enzi yake.

Makala hii inaeleza hatua za kazi hiyo na kutumia pikipiki moja kama mfano, yaani Triumph Bonneville T120 ya Uingereza, ambayo ni kati ya pikipiki zinazorejeshwa sana duniani.

Aina za kazi

Watu hutumia neno "kurejesha" kwa kazi tatu ambazo hazifanani:

- Kuhifadhi: pikipiki inasafishwa, kutu inazuiwa isiendelee, na vipuri vya awali vinabaki hata kama vina mikwaruzo.
- Kurejesha: sehemu zilizoharibika au kupotea zinatengenezwa au kubadilishwa ili pikipiki ifanane na ilivyokuwa.
- Kubadilisha: mwenye pikipiki anaweka vipuri vya kisasa au vya modeli nyingine kwa ajili ya mwendo, starehe au sura anayoipenda.

Mchanganyiko wa maneno haya huleta ugomvi hasa wakati wa kuuza. Pikipiki iliyotangazwa kuwa "imerejeshwa" inaweza kuwa imekusanywa kutokana na mabaki ya pikipiki nne au tano.

Mfano: Triumph Bonneville T120

Bonneville T120 ilitengenezwa na kampuni ya Triumph katika kiwanda cha Meriden, karibu na mji wa Coventry. Ilianza kuuzwa ikiwa modeli ya mwaka 1959. Jina lake linatokana na tambarare za chumvi za Bonneville katika jimbo la Utah, Marekani. Hapo mwaka 1956 Johnny Allen aliendesha chombo chembamba chenye injini ya Triumph kwa kasi ya takriban kilomita 345 kwa saa.

Injini ya T120 ina silinda mbili zilizosimama sambamba, kila moja ikiwa na kipenyo cha milimita 71, na pistoni husafiri milimita 82. Ujazo wake wote ni sentimita za ujazo 649. Ina kabureta mbili, moja kwa kila silinda.

Kwa macho ya mpita njia, Bonneville ya 1959 na ya 1970 ni ndugu wa karibu. Kwa mrejeshaji ni vyombo viwili tofauti, kwa sababu kiwanda kiliendelea kubadilisha vipuri:

- 1959: taa ya mbele imo ndani ya kifuniko cha bati kilichoungana na sehemu ya juu ya uma wa mbele. Rangi za kwanza zilikuwa chungwa na kijivu.
- 1960: kifuniko hicho kiliondolewa, taa ikafungwa peke yake, na fremu ikabadilishwa.
- 1963: injini na giaboksi, ambazo awali zilikuwa mbali, ziliwekwa katika kasha moja.
- 1966: umeme wa volti 6 ulibadilishwa kuwa wa volti 12.
- 1967: kabureta za Amal Concentric zilianza kuchukua nafasi ya Amal Monobloc.
- 1968: ilifungwa breki mpya ya mbele yenye nguvu zaidi.
- 1971: ililetwa fremu mpya inayobeba oili ndani ya bomba lake kuu, hivyo tangi la oili la pembeni likaondolewa.

Kwa hiyo kabureta ya Concentric ni kipuri halisi cha Triumph, lakini si sahihi kwenye Bonneville ya 1961. Kipuri kuwa cha kampuni ileile hakutoshi. Kinapaswa pia kuwa cha mwaka ule.

Kutambua pikipiki

Kazi huanza kabla ya spana kushikwa. Jambo la kwanza ni kusoma namba zilizogongwa kwenye kasha la injini na kwenye fremu. Bonneville za miaka ya 1960 zilitoka kiwandani zikiwa na namba moja katika sehemu zote mbili. Namba zikitofautiana, injini au fremu ilibadilishwa baadaye.

Herufi zilizo kabla ya namba hutaja modeli. Hili ni muhimu kwa sababu Triumph ilitengeneza pia TR6, iliyofanana sana na Bonneville lakini ikiwa na kabureta moja. Kufunga kichwa cha silinda chenye kabureta mbili kwenye TR6 si kazi ngumu, na Bonneville huuzwa kwa bei kubwa zaidi. Baadhi ya wauzaji wameifanya kazi hiyo kisha wakafuta namba na kugonga nyingine. Dalili za udanganyifu ni uso wa kasha uliosagwa, herufi zisizo na ukubwa sawa, na namba zisizokaa katika mstari kama za kiwandani.

Kuanzia msimu wa 1969 Triumph ilitumia herufi mbili kuonyesha tarehe: ya kwanza ni mwezi, ya pili ni msimu wa modeli. Herufi NC, kwa mfano, humaanisha Oktoba ya msimu wa 1969. Kwa kuwa msimu ulianza katika miezi ya mwisho ya mwaka uliotangulia, pikipiki hiyo iliundwa Oktoba 1968. Mtu asiyejua utaratibu huo anaweza kununua vipuri vya mwaka usio sahihi.

Ushahidi mwingine hupatikana katika orodha za vipuri zilizochapishwa na kiwanda kwa kila mwaka, vipeperushi vya mauzo, picha za zamani, na rejista za kiwanda. Klabu ya Uingereza iitwayo Vintage Motor Cycle Club, iliyoanzishwa mwaka 1946, hutunza kumbukumbu za viwanda kadhaa na hutoa vyeti vya tarehe ya pikipiki. Pikipiki yenyewe pia ni ushahidi: chini ya kiti au nyuma ya beji ya tangi mara nyingi hubaki kipande cha rangi ya kwanza ambacho jua halikukifikia.

Aina za vipuri

Vipuri vinavyotumika katika urejeshaji hugawanyika katika makundi manne:

- Vipuri vya awali ni vile vilivyokuwa kwenye pikipiki hiyohiyo tangu mwanzo. Hata vikiwa vimechakaa, ndivyo vyenye thamani kubwa ya kihistoria.
- Vipuri vya akiba vya zamani vilitengenezwa wakati ule lakini havikutumika, vikabaki dukani au ghalani. Ni sahihi kwa sura, ila mpira na gasketi za miaka 50 huwa zimekauka na hazifai kutumiwa.
- Vipuri vya kuigiza vinatengenezwa leo kwa kufuata mfano wa zamani. Ubora wake hutofautiana sana. Madigadi na mabomba ya moshi ya kuigiza huweza kuwa na bati jembamba au matundu yasiyokutana na yale ya fremu.
- Vipuri vilivyoboreshwa vina sura ya zamani lakini vimetengenezwa kwa maarifa ya sasa. Kabureta za Amal bado zinatengenezwa Uingereza, na baadhi zina slaidi ya alumini yenye uso uliofanywa mgumu ambayo haichakai haraka kama ile ya zinki ya zamani.

Hatua za kazi

Kufungua. Pikipiki hupigwa picha kila upande kabla ya kufunguliwa, hasa njia za waya na nyaya za breki na klachi. Kila kundi la boliti huwekwa katika mfuko wake na kuandikwa lilikotoka. Boliti fupi ikirudishwa mahali pa ndefu hushika hesi chache na kufunguka njiani. Ndefu mahali pa fupi inaweza kutoboa kasha.

Hesi. Hesi ni mikato ya mzunguko inayoiwezesha nati kushika boliti. Pikipiki za Uingereza za wakati huo zilitumia mifumo kadhaa ya inchi, tena katika chombo kimoja. Boliti ya robo inchi ya mfumo wa BSF na ile ya mfumo wa baiskeli uitwao CEI zote zina mikato 26 kwa kila inchi, lakini pembe ya mkato ni nyuzi 55 kwa moja na nyuzi 60 kwa nyingine. Nati ya moja huingia kwenye nyingine na kuonekana imekaza, kumbe imeshika kidogo tu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 Triumph ilihamia hatua kwa hatua kwenye mifumo ya UNF na UNC, hivyo mkanganyiko ukaongezeka. Spana za milimita hazikai sawasawa kwenye nati hizi na huzila kona.

Injini. Silinda hupimwa, na zikiwa zimelika huchongwa na kufungwa pistoni kubwa kidogo. Katika injini ya Triumph ipo sehemu moja isiyoonekana ambayo huamua uhai wa kazi yote. Ndani ya krankishafti, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, kuna mrija unaonasa uchafu wa oili. Mrija huo hauwezi kusafishwa bila kufungua injini yote. Usiposafishwa huziba, oili haifiki kwenye beringi za fimbo za pistoni, na injini iliyong'arishwa vizuri kwa nje hukwama baada ya safari chache.

Umeme. Pikipiki hizi huunganisha upande chanya wa betri na fremu, kinyume na desturi ya leo. Betri ikifungwa kwa mazoea ya kisasa, vifaa vya kurekebisha umeme huungua mara moja.

Rangi na kromu. Fremu husafishwa, nyufa hutafutwa, kisha hupakwa rangi. Wengi leo hutumia rangi ya unga inayookwa kwa sababu ni ngumu na nafuu, ingawa tabaka lake ni nene kuliko rangi ya kiwandani na huweza kuficha namba ya fremu. Kosa jingine la kawaida ni kung'arisha kupita kiasi. Boliti nyingi za kiwandani zilikuwa na tabaka la kadimi lenye rangi ya kijivu kilichofifia. Zikipakwa kromu, pikipiki hung'aa kuliko ilivyong'aa siku ya kwanza dukani.

Usalama

Vifaa vya enzi hiyo vilikuwa na madhara ambayo siku hizi yanafahamika zaidi. Bitana za breki za zamani zilikuwa na asbesto, ambayo vumbi lake husababisha saratani ya mapafu. Kwa hiyo ngoma ya breki haipaswi kupulizwa kwa upepo. Hupanguswa kwa kitambaa kilicholowa. Rangi za zamani huweza kuwa na risasi, na vumbi la kadimi ni sumu.

Petroli ya sasa yenye ethanoli huweza kulainisha mipira ya zamani na dawa zilizopakwa ndani ya matangi. Tairi la miaka mingi, hata likiwa na kashata nzima na chapa sahihi, hupasuka kwa sababu mpira umekufa. Katika sehemu hizi karibu warejeshaji wote hukubali kipuri kipya chenye sura ya zamani. Nchini Uingereza matumizi ya asbesto yalipigwa marufuku kabisa mwaka 1999, kwa hiyo bitana za awali haziwezi kuwa kigezo cha usahihi.

Mjadala kuhusu uhalisi

Swali linalogawanya warejeshaji ni hili: vikibadilishwa vipuri vingapi, pikipiki huacha kuwa ileile? Jambo hili lilionekana wazi baada ya Septemba 2003, moto ulipounguza mamia ya pikipiki katika Makumbusho ya Taifa ya Pikipiki ya Uingereza, karibu na Birmingham. Nyingi ziliundwa upya, na makumbusho yakafunguliwa tena mwaka 2004. Bila kazi hiyo umma usingeziona tena. Hata hivyo, chombo kilichobakiwa na kasha la injini na fremu iliyoungua hakiwezi kueleza tena rangi yake ya kwanza ilivyopakwa wala jinsi wamiliki wake walivyokitumia.

Shirikisho la kimataifa la vyombo vya kale, FIVA, lililoanzishwa mwaka 1966, lilipitisha Hati ya Torino mwaka 2012. Hati hiyo inatanguliza kuhifadhi kabla ya kurejesha, na inataka kila badiliko liandikwe. Hoja yake ni kwamba pikipiki ni ushahidi wa ufundi na maisha ya wakati wake. Rangi ya awali ikishakwanguliwa, hakuna fundi anayeweza kuirudisha. Anachoweza ni kupaka nyingine inayofanana nayo.

Kwa sababu hiyo warejeshaji makini hutunza faili la kila pikipiki, lenye picha za kabla ya kazi, orodha ya vipuri vilivyobadilishwa na sababu za kuvibadilisha. Vipuri vya awali vilivyotolewa, hata vibovu, huwekwa katika sanduku na kukabidhiwa kwa mnunuzi pamoja na pikipiki. Mnunuzi huyo anaweza hivyo kutofautisha kilichotoka Meriden na kilichoongezwa baadaye.