Kuiamrisha Kompyuta kwa Maandishi
Mwaka 1969, katika maabara ya Bell Labs huko Marekani, Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kuutunga mfumo endeshi wa Unix, na kwa kuwa mashine za teletaipu za zama hizo zilikwenda kwa mwendo wa herufi 10 hivi kwa sekunde, amri zake zilifanywa fupi mno, ufupi uliorithiwa na Linux ya Linus Torvalds mwaka 1991. Basi mwanafunzi akipiga ls huonyeshwa orodha ya mafaili. Akipiga pwd hujulishwa folda aliyomo. Na man, ambayo kwa rai yangu ndiyo azizi kuliko zote, humfunulia maelezo ya karibu kila amri aitajayo.

Lakini rm yataka hadhari, kwani hufuta papo hapo, kwa kawaida bila ya kuuliza, mfumo ukimdhania bwana wake kuwa ajua alitakalo (na aghalabu, wallahi, hajui). Aliyekusudia kuandika rm *.txt, akaghafilika na kuacha nafasi baada ya ile nyota, isimamayo badala ya jina lolote, atayateketeza takriban mafaili yote ya folda aliyomo. Kwa hiyo, ewe msomaji, piga kwanza ls *.txt, uyasome majina kwa makini, ndipo ufute.