Barabara ya Juu ya Nairobi: Nani Analipa?

Tulipokuwa tukifundisha vikundi kuweka hesabu, mama mmoja mweka hazina alituuliza: "Ile barabara ya juu huko Nairobi ilijengwa na pesa za nani? Na mimi niko ndani?" Wenzake walicheka. Sisi tuliona ni swali la maana, kwa sababu watu wa kijijini hulipia mji bila kuambiwa.

Tuanze na kikundi chenu. Mkitaka tangi la maji, mnaweza kuchanga kila mwezi mpaka pesa zitoshe. Mnaweza kukopa mlipe polepole. Ama mnamwachia mwenye pesa alijenge, halafu anawatoza kwa kila mtungi. Mji nao hupitia njia hizo hizo.

Barabara kuu ya Nairobi hadi Thika, iliyomalizika 2012, ilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika na wa Benki ya Exim ya China, pamoja na kodi zetu. Ukiipita hulipi kitu. Lakini deni linalipwa na kila mwenye kulipa kodi, hata yule wa Turkana ambaye hajaiona.

Ile ya juu ni tofauti. Inatoka Mlolongo hadi Westlands, kilomita 27, na ilifunguliwa 2022. Kampuni ya China iliijenga kwa pesa ilizotafuta yenyewe, karibu shilingi bilioni 88, nayo itatoza magari kwa miaka 27 kabla ya kuirudisha kwa serikali. Asiyepita halipi, na hapo kuna haki. Lakini tangu Januari 2024 gari dogo likienda mwisho hadi mwisho hulipa sh. 500. Huyo wa kibarua atabaki kwa foleni huko chini, na hali nguzo zimesimama kwa ardhi ya umma, yake pia. Mkataba wa namna hii ukiletwa, ulizeni kwanza: magari yakiwa machache, hasara ni ya nani?

Halafu kuna ushuru wa mafuta. Wazee wanakumbuka vile vituo vya kutoza ada barabarani. Sheria ya 1993 ilileta ushuru huu wa kutengeneza barabara, na tangu Julai 2024 ni sh. 25 kwa kila lita ya petroli au dizeli. Mwaka wa 2025 serikali iliuza haki ya kupokea sh. 7 kati ya hizo 25 kwa miaka ijayo, ili iwalipe makontrakta waliokuwa wakidai. Ni kama kuuza mahindi yakiwa bado shambani: shida ya leo inaisha, lakini wakati wa kuvuna gunia si lako.

Njia tunayoipenda sisi haisemwi sana. Barabara ikipita, ploti za kando hupanda bei na mwenyewe amelala tu. Katiba, kifungu cha 209, inaruhusu kaunti kutoza kodi ya ardhi na majengo. Nairobi kwa miaka mingi ilitoza kwa bei za ardhi zilizopimwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Jameni! Aliyenufaika zaidi ndiye aliyebanduliwa kidogo.

Hatusemi mkopo ni mbaya. Daraja la kudumu miaka 50 watalitumia na wajukuu, basi nao wasaidie kulipa. Kifungu cha 201 chataka mzigo ugawanywe kwa haki kati yetu na wao. Lakini kukopa kwa mishahara, hapana. Kaunti haiwezi kukopa bila dhamana ya serikali kuu na idhini ya bunge la kaunti, kwa hivyo mwakilishi wenu wa wadi anahusika.

Tukarudi kwa yule mama. Kikundi chake kina mashine ya kusaga inayokula lita 10 za dizeli kwa wiki. Tulipiga hesabu naye: sh. 250 kila wiki ni za barabara. Aliiandika kwa kitabu, akauliza mbona risiti ya mafuta haisemi.